Kabla Hatujasema Ni Mizimu

Tarehe 27 Aprili 1993, ndege ya jeshi iliyobeba timu ya taifa ya Zambia ilianguka baharini muda mfupi baada ya kuruka kutoka Libreville, Gabon, ilikokuwa imetua kujaza mafuta. Watu wote 30 waliokuwamo walifariki, 18 kati yao wachezaji. Walikuwa wakienda Dakar kucheza na Senegal, kuwania tiketi ya Kombe la Dunia. Kalusha Bwalya hakuwamo. Wakati huo alikuwa akisakata soka Uholanzi, katika klabu ya PSV.

Tarehe 12 Februari 2012 Chipolopolo, yaani timu hiyo ya Zambia, wakatwaa Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza, katika jiji hilohilo la Libreville. Kalusha alikuwapo, sasa akiwa rais wa chama cha soka cha nchi yake.

Wapenzi wengi wa kandanda wanaijua hadithi hiyo. Kisichosemwa sana ni jinsi njia yenyewe ilivyokuwa nyembamba. Mashindano yale yaliandaliwa na nchi mbili, Gabon na Guinea ya Ikweta, na Zambia ikapangiwa Guinea ya Ikweta. Mechi zake tano za mwanzo zote ilizichezea huko. Ili ifike Libreville, ilibidi iingie fainali. Na mechi ya kwanza kabisa ilikuwa dhidi ya nani? Senegal, wapinzani ambao kikosi cha 1993 hakikuwahi kuwafikia. Zambia ilishinda 2-1.

Vijiweni husemwa kwamba marehemu walirudi kucheza. Naiheshimu imani hiyo, kwa kuwa imezaliwa na msiba wa kweli. Lakini ikiachwa peke yake inawadhulumu waliotoka jasho. Katika fainali hiyo dhidi ya Kodivaa, Didier Drogba wa Kodivaa alipaisha penalti kabla dakika 90 hazijaisha. Kwenye mikwaju, kipa Kennedy Mweene aliupangua wa Kolo Touré, Gervinho akakosa, na aliyeimaliza kazi kwa 8-7 ni Stoppila Sunzu, beki wa TP Mazembe ya Lubumbashi. Mguu uliopiga ule mpira ulikuwa wa mtu aliye hai.

Toleo hili tumelitenga kwa ajili ya sadfa za soka la kimataifa, na msimamo wetu ni huu: sadfa ichunguzwe kama habari nyingine yoyote. Ikipita kwenye mizani ya tarehe na majina, inanoga zaidi. Ikitiwa chumvi, inakufa.

Watazameni walioshindwa usiku ule. Fainali nne za kwanza za Kodivaa katika kombe hili, 1992, 2006, 2012 na 2015, zote ziliisha 0-0 na kuamuliwa kwa penalti. Hizo ni dakika 480 bila bao la upande wowote! Mbili walishinda, zote dhidi ya Ghana: 11-10 mwaka 1992, na 9-8 mwaka 2015. Hapo hakuna ulozi. Fainali huchezwa kwa hadhari, kila timu ikiogopa kosa moja. Ajabu iliyobaki ni kwamba hadhari hiyo iliwaandama watu walewale mara nne mfululizo.

Aliyewapa ubingwa wa 2015 ni Hervé Renard, kocha yuleyule aliyewafunga akiwa na Zambia. Hilo mimi siiti sadfa hata kidogo, maana kocha aliyekwisha kulibeba kombe hutafutwa. Libreville ni jambo jingine. Hakuna aliyeupanga mji ule kwa ajili ya Zambia, na ndiyo maana hadi leo unatusisimua.

Kodivaa walipocheza fainali yao ya tano, Februari 2024, nyumbani Abidjan, ukame huo wa mabao ulikatika dakika ya 38. Aliyefunga alikuwa William Troost-Ekong wa Nigeria. Wenyeji walisawazisha kupitia Franck Kessié, kisha Sébastien Haller, aliyekuwa ameugua saratani na kupona, akafunga la ushindi, 2-1.

Msomaji wetu, bila shaka nawe unayo moja uliyosimuliwa na baba au mjomba. Tuletee. Ila kwanza tafuta tarehe, uwanja na jina la aliyefunga.