Picha pekee haimtambulishi inzi mla nyama hai

Na Mwandishi Wetu

NOVEMBA 2024, Mexico ilithibitisha kuwa ng'ombe aliyebainika katika kituo cha ukaguzi cha jimbo la Chiapas, karibu na mpaka wa Guatemala, alikuwa na funza wanaokula nyama hai. Marekani ilisimamisha uingizaji wa ng'ombe kutoka nchi hiyo. Biashara ilifunguliwa tena Februari 2025, ikafungwa upya Mei 11, na ilipofika Septemba ng'ombe mwingine akagundulika Sabinas Hidalgo, mji ulio chini ya kilomita 115 kutoka mpaka wa Marekani.

Chanzo cha hasara yote hiyo ni inzi mkubwa kidogo kuliko yule wa nyumbani. Wataalamu humwita Cochliomyia hominivorax, jina lenye maana ya mla watu, alilopewa mwaka 1858. Jike hutaga mayai 200 hadi 300 pembezoni mwa kidonda, hata kile kilichoachwa na kupe au kitovu kibichi cha ndama. Mayai huanguliwa ndani ya siku moja, na funza huzama kichwa chini wakichimba kama skrubu. Mnyama asipotibiwa huweza kufa.

Katika zama hizi ambapo karibu kila mfugaji ana simu yenye kamera, wengi wanaamini kwamba kumtambua mdudu ni suala la kupiga picha na kusubiri jibu. Hapo ndipo penye utata.

Picha nzuri itaonyesha mwili wa bluu-kijani unaong'aa, macho yenye wekundu na mistari mitatu myeusi mgongoni. Bahati mbaya, ndugu yake aitwaye Cochliomyia macellaria anazo sifa hizo hizo, naye hula zaidi nyama iliyokwisha kufa. Miongoni mwa alama zinazowatenganisha ni rangi ya vinyweleo vya usoni, jambo ambalo kamera ya simu hailioni. Programu zinazotaja majina ya wadudu nazo hulinganisha tu picha na zile zilizofundishwa; spishi iliyopigwa picha mara chache ina hatari ya kupewa jina la jirani yake.

Kosa hilo si geni, wala halikuanza na simu. Hadi mwaka 1933, pale Cushing na Patton walipowatenganisha, wanasayansi wenyewe waliwachanganya inzi hao wawili. Wafugaji wa Marekani walihimizwa kuteketeza mizoga wakidhani ndiko adui anakozaliana. Walipunguza inzi wa mizoga, huku mla nyama hai akiendelea kuzaliana katika vidonda vya mifugo yao.

Jina sahihi lilipopatikana, silaha nayo ikapatikana. Iligundulika kwamba kwa kawaida jike hujamiiana mara moja tu maishani. Edward Knipling na wenzake wakapendekeza kuzalisha madume kwa wingi, kuyafanya tasa kwa mionzi na kuyaachia porini. Mbinu hiyo ilifanikiwa katika kisiwa cha Curaçao mwaka 1954.

Waafrika tuna sababu ya kuikumbuka. Inzi huyo alipoingia Libya mwaka 1988, madume tasa yalisafirishwa kwa ndege kutoka Mexico hadi akatokomezwa. Kisiwani Unguja, mbinu hiyo hiyo ilimaliza mbung'o wa spishi ya Glossina austeni kati ya mwaka 1994 na 1997. Katika visa vyote viwili dume lilipaswa kuwa la spishi ile ile. Vinginevyo ndege zingebeba mzigo usio na kazi.

Nasi Afrika kusini mwa Sahara tuna mla nyama hai wetu, Chrysomya bezziana, ambaye naye ana jamaa wengi wanaofanana naye.

Je, picha haina thamani? Inayo, tena kubwa. Mfugaji anayemtumia daktari wa mifugo picha ya kidonda chenye funza anaokoa siku kadhaa, na kwa mdudu anayekamilisha ukuaji ndani ya kidonda kwa takribani wiki moja, siku hizo ni nyingi. Kinachotia hofu zaidi ya tahadhari ya bure ni jibu la kutuliza: "huyo ni inzi wa kawaida tu."

Uthibitisho hutoka kwa funza mwenyewe. Funza aliyekomaa wa Cochliomyia hominivorax ana mirija miwili ya hewa yenye rangi nyeusi upande wa nyuma, inayoonekana vizuri kwa darubini. Hutumbukizwa kwa sekunde chache katika maji yaliyochemka, kisha huhifadhiwa katika alkoholi ya asilimia 80, si formalini, ambayo humkakamaza mno. Tena wataalamu husisitiza achukuliwe kutoka kina cha kidonda, kwa kuwa wale wa juu, ambao ndio kamera huwanasa, huweza kuwa wa inzi wengine waliofuata harufu baadaye.