Satelaiti Haioni Daraja

NJIA PANDA, na Mwana-Lomami

Wiki hii nilipanda pikapu ya shemeji yangu kutoka Kamina kuelekea Kaniama. Kwenye kioo alikuwa amebandika GPS mpya aliyonunua Lubumbashi, yenye sauti ya mwanamke anayesema Kifaransa safi. Tulipofika mbali kidogo, sauti ikaamuru tukate kushoto. Mama aliyekuwa akiuza makala kando ya njia akatupungia mkono: "Papa, huku motokari haipite. Mvua ilibeba daraja."

Shemeji akamjibu bila kupunguza muziki: "Mama, hii inaongozwa na satelaiti. Inaona yote toka juu."

Tukaingia. Daraja halikuwepo. Tulirudi kinyumenyume, tukisukuma gari matopeni mpaka giza likatukuta.

Matope nimeyazoea. Jibu lile ndilo lililoniudhi, na bado linaniudhi ninapoandika. Mama yule hushinda pale, anaona kila kamyo inayopita na kila kijana anayesukuma kinga yenye magunia. Kumnyamazisha kwa ajili ya kisanduku ni kukosa adabu.

Tena ni kutojua. Satelaiti za GPS ziko kilomita 20,200 juu yetu na hazioni njia wala mto. Zinatangaza saa na mahali zilipo, basi. Kisanduku kinasikiliza angalau nne, kinapiga hesabu, kinajua gari liko wapi. Daraja linatoka kwenye ramani iliyochorwa na watu, pengine na mtu asiyewahi kukanyaga Haut-Lomami. Mei 2000 Marekani iliacha kuharibu kwa makusudi usahihi wa mawimbi ya raia, na mahali pa gari pakajulikana kwa mita chache. Ramani mbovu ikabaki mbovu.

Sisi wa Kamina tumelelewa na reli. Ukishapanda treni ya Kalemie au ya Ilebo hakuna wa kukata kona, na ndiyo maana tunatii upesi chochote kinachotuamuru.

Sauti siipingi. Shofere anayeelekezwa kwa sikio hubaki na macho kwenye mashimo na watu wa kinga, na hilo linaokoa maisha. Lakini GPS haichaguliwi kwa utamu wa sauti. Uliza ramani ni ya mwaka gani, inasasishwa vipi, na kama inafanya kazi pasipo rezo. Simu yenye ramani ya OpenStreetMap iliyopakuliwa kabla ya safari inaweza kumshinda yule mwanamke wa Kifaransa, kwa kuwa ramani hiyo, iliyoanzishwa mwaka 2004, hata kijana wa hapa Kamina anaruhusiwa kuisahihisha.

Dukani, shemeji aliwashiwa sauti, akafurahi, akalipa. Hakuna aliyemfungulia ramani. Nawe ukienda, mwambie muuzaji akuonyeshe mtaa wako wa Kamina kabla hujatoa franga hata moja. Akikosa kuuonyesha, mwachie kisanduku chake.