Jicho la Rada na Wanaolilipia

Setilaiti ya rada haingoji mwanga wa jua. Hurusha mawimbi ya redio ardhini kwa mshazari, kisha hupokea mwangwi wake, kwa hiyo giza, moshi na mawingu haviizuii kitu. Chombo chenyewe hukimbia zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde. Kompyuta huuunganisha mwangwi uliokusanywa njiani kana kwamba umepokelewa na antena moja ndefu kupita kiasi. Picha inayopatikana haina mvuto: ni ya kijivu, imejaa chenga kama televisheni iliyokosa stesheni. Maji yaliyotulia hutokea meusi tii kwa kuwa huakisi mawimbi upande wa pili. Mapaa ya bati hung'aa, na meli iliyozima kifaa chake cha utambulisho hubaki nukta nyeupe juu ya bahari nyeusi.

Ufundi huu ni wa zamani. Marekani ilirusha Seasat mwaka 1978, nayo ikazimika baada ya miezi mitatu na ushei kwa hitilafu ya umeme. Zikafuata ERS-1 ya Ulaya mwaka 1991 na RADARSAT-1 ya Kanada mwaka 1995. Zilikuwa mali ya serikali, nazo zilikuwa nzito: hata Sentinel-1A ya Ulaya ya mwaka 2014 ina takriban kilo 2,300. Rada hula umeme mwingi, na kuibana ndani ya chombo kidogo kulionekana ni ndoto.

Waliothubutu walitoka Chuo Kikuu cha Aalto nchini Ufini: Rafal Modrzewski na Pekka Laurila. Kampuni yao, ICEYE, ilianzishwa mwaka 2014, na Januari 2018 setilaiti yao isiyofika kilo 100 ilipaa kwa roketi ya India. Leo wapo pia Capella Space na Umbra za Marekani, Synspective na iQPS za Japani. Unafuu wa bei ya setilaiti ndogo ni nusu ya habari. Nusu kubwa zaidi ni wingi. Setilaiti moja hurudi mahali palepale baada ya siku kadhaa, lakini kundi zima laweza kupapitia mara kadhaa kwa siku. Bidhaa yenyewe, kwa kweli, ni tofauti kati ya picha ya asubuhi na ya jioni.

Katika matangazo yao, kampuni hizi hupenda kutaja mafuriko, na hazidanganyi. Mafuriko kama ya bonde la Rufiji nchini Tanzania ya Aprili 2024 huja na mawingu yake, na kamera ya kawaida huambulia weupe mtupu. Ila picha za Sentinel-1 hutolewa bure, na kwa bonde pana kama lile zinatosha. Anayehitaji kuhesabu magari, si mashamba, ndiye anayelipa.

Februari 2022, kundi la watafiti la Jeffrey Lewis huko California lilikuwa na picha ya Capella iliyoonyesha magari ya kijeshi ya Urusi yamejipanga karibu na Belgorod. Alfajiri ya tarehe 24, ramani ya Google ikaonyesha foleni barabarani kuelekea mpaka wa Ukraine. Walijua uvamizi umeanza kabla haujatangazwa. Agosti mwaka huohuo, mfuko wa hisani wa Serhiy Prytula, mtangazaji wa televisheni wa Ukraine, ulichukua michango ya wananchi iliyokusudiwa kununua droni, ukainunulia Ukraine haki ya kutumia setilaiti moja ya ICEYE.

Biashara hii, hata hivyo, huendeshwa kwa leseni, na leseni ina mwenyewe. Mwaka 2023 Marekani ililegeza masharti yake, na Umbra ikaanza kuuza picha zinazotenganisha vitu vilivyoachana kwa sentimita 16. Machi 2025 Marekani hiyohiyo iliifungia Ukraine kwa muda picha za setilaiti za kibiashara zilizopitia mfumo wa serikali yake. Mei mwaka huo Poland ilisaini mkataba na ICEYE. Haikununua picha, ilinunua setilaiti zenyewe.