Utafiti usiofika darasani ni hasara

Serikali imeanza kuwatuza kwa fedha wahadhiri wanaochapisha tafiti katika majarida ya kimataifa yenye hadhi ya juu. Nia ni njema. Hata hivyo, kuna swali ambalo vyuo vikuu vyetu vimelikwepa kwa muda mrefu: mwanafunzi wa mhadhiri huyo amefaidika na nini?

Jibu liko kwenye maduka ya fotokopi jirani na mageti ya vyuo. Madesa yanayouzwa huko ni ya miaka iliyopita, na bado yanatosha kumfaulisha mtu mtihani. Wakati huohuo, tasnifu za uzamili na uzamivu zinapigwa vumbi maktabani, na matokeo yake hayaonekani katika mihtasari ya kozi za shahada ya kwanza.

Chanzo kinajulikana. Machapisho ndiyo yanayompandisha mhadhiri cheo; ufundishaji bora haumwongezei kitu cha maana. Anayefundisha mamia ya wanafunzi katika ukumbi mmoja hana motisha ya kuandaa mhadhara upya.

Gharama inamwangukia asiyehusika. Mwanafunzi anakopa Bodi ya Mikopo ili apate elimu hai, na akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara kurejesha mkopo huo. Kumuuzia maarifa yaliyochacha ni kumdhulumu yeye pamoja na mlipakodi anayegharimia utafiti usiofika darasani.

Hakuna anayeweza kudai kuwa haiwezekani kuunganisha utafiti na ufundishaji. Mwaka 2009 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliunganisha Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili na Idara ya Kiswahili, ikazaliwa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI). Watunga kamusi na walimu wa sarufi wakawekwa chini ya taasisi moja. Uamuzi wa namna hiyo unahitaji uongozi, si wafadhili.

Tume ya Vyuo Vikuu isiidhinishe mtalaa wowote usioonyesha tafiti za wahadhiri wenyewe zinafundishwa wapi. Seneti za vyuo zibadili vigezo vya kupandisha vyeo ili ufundishaji uwe na uzito unaolingana na machapisho. Wizara ya Elimu nayo iweke sharti kwamba tuzo haitolewi mpaka utafiti husika uwe umeingia darasani.

Wenye mamlaka hayo wanajulikana, na sheria tayari imewapa meno. Wasipoyatumia, wawajibishwe.