Mnyororo Bila Winchi Yake ni Mzigo wa Baharia

Ndugu mabaharia na wafanyakazi wa boti za Ziwa Tanganyika, mlioko Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, leo tunataka kusema juu ya nanga. Wengine watashangaa. Watasema chama cha wafanyakazi kina mambo makubwa zaidi, kama vile mishahara, mikataba na siku za mapumziko, na kwamba nanga ni kazi ya nahodha na fundi wake. Sisi hatukubali. Mashine inayoweza kumkata mfanyakazi vidole ni jambo la chama, hata kama imefungwa kwenye omo ya boti ndogo ya mbao.

Boti nyingi ndogo za mizigo hutia nanga kwa kamba. Winchi ya nanga, ambayo wazee wa pwani waliiita duara, ikiwapo botini huwa na kichwa laini cha kuzungushia kamba mara tatu au nne, na baharia huvuta ncha yake. Kisha siku moja mwenye boti anaamua kuacha kamba na kuweka mnyororo. Uamuzi huo ni mzuri nasi hatuupingi. Kamba ya nailoni inayosuguana na jiwe usiku kucha hukatika, na ufuko wa Tanganyika una mawe sehemu nyingi. Jiwe halikati mnyororo. Tena uzito wa mnyororo huulaza chini, ukaivuta nanga kwa ubapa, nayo ikachimba badala ya kung'oka. Ndiyo maana nahodha anayetumia kamba hutoa urefu mara 7 ya kina cha maji, na mwenye mnyororo mtupu huweza kutosheka na mara 4 au 5 hali ya hewa ikiwa ya kawaida.

Shida inaanza pale bwana huyo anaponunua mnyororo na kuiacha winchi ile ile ya kamba. Mnyororo haushiki kwenye kichwa laini. Huteleza, hurudi nyuma kwa kishindo, na hula chuma cha winchi. Baada ya siku mbili tatu mabaharia huacha kuitumia, wakasimama wawili omoni wakivuta mnyororo kwa mikono na kuufunga kwenye nguzo kila wanapotaka kupumua. Mwenye boti atajisifu kwamba amekiboresha chombo chake. Kwa kweli amenunua usalama wa boti, na bei yake akaitoza migongo ya mabaharia.

Tufanye hesabu. Mnyororo wa milimita 10 una uzito wa kilo 2.3 hivi kwa kila mita moja. Ule wa milimita 13 unakaribia kilo 4. Mita 30 za ule mdogo ni kilo 69. Majini chuma hupungua uzito kwa sehemu moja ya nane tu, kwa hiyo ziwa halimsaidii sana mvutaji. Hapo bado hatujataja nanga yenyewe, wala matope iliyoyashika. Shirika la Kazi Duniani (ILO), katika Pendekezo lake Namba 128 la mwaka 1967, lilisema kwamba pale mwanamume mmoja mtu mzima anaporuhusiwa kubeba kwa mikono zaidi ya kilo 55, hatua zichukuliwe haraka kuupunguza mzigo huo. Na baharia wa ziwani havuti mara moja kwa siku. Vijiji vingi havina gati. Boti hutia nanga nje, mitumbwi ikaja kuchukua abiria, magunia na mapipa, kisha nanga ikapanda tena. Safari yenye vituo vinane ni kuvuta mara nane.

Tanganyika ina ubaya wake mwingine. Kina chake hufika mita 1,470, na katika maziwa yote ya dunia linazidiwa na Baikal peke yake. Sehemu nyingi ardhi huporomoka karibu kabisa na ufuko. Boti imetia nanga mahali pazuri, upepo wa usiku unatoka nchi kavu na kuisukuma nje, nanga inaburuta, inafika ukingoni, inadondoka kwenye kina. Hapo mnyororo wote unaning'inia wima chini ya omo bila kugusa kitu. Kama ni mita 60 za milimita 10 pamoja na nanga ya kilo 35, mzigo ni kilo 173. Watu wawili hawawezi kuuinua gizani huku boti inapanda na kushuka juu ya mawimbi. Wataukata au wataumia.

Kwa hiyo mafundi wenye uzoefu huanza na uzito huo mkubwa kabisa. Hujumlisha nanga na mnyororo wote, wakazidisha kwa tatu, na hiyo ndiyo nguvu ya kuvuta wanayoitafuta katika winchi. Kwa mfano wetu ni kilo 520 hivi. Anayeleta winchi ya kilo 200 kwa sababu ilikuwa rahisi dukani ameleta pambo.

Baada ya nguvu, jambo kubwa ni gurudumu la mnyororo, na hapa tunaomba msomaji atuvumilie, maana ndipo pesa nyingi hupotea na vidole vingi pia. Winchi ya mnyororo haina kichwa laini tu. Ina gurudumu lenye vishimo, na kila pete ya mnyororo hukaa katika kishimo chake. Gurudumu na mnyororo ni lazima vilingane kama ufunguo na kufuli. Kusema "mnyororo wa milimita 10" hakutoshi. Kuna mnyororo wa milimita 10 uliotengenezwa kwa kipimo cha Kijerumani cha DIN 766, ambao pete yake ina urefu wa ndani wa milimita 28. Kuna mwingine, nao ni wa milimita 10, wa kipimo cha kimataifa cha ISO, ambao pete yake ni milimita 30. Kwa macho ni ndugu. Pete kumi zikifuatana, tofauti inafika milimita 20, yaani mnyororo hauingii tena katika vishimo. Utaruka. Na mnyororo unaporuka kwenye gurudumu huku kilo mia zinavuta upande wa pili, unakimbia wote kurudi majini, na mkono uliokuwa juu yake unakwenda nao. Mnyororo wa kufungia magogo au wa kuvutia magari, ambao wenye boti wengine huuchukua kwa urahisi wa bei, mara nyingi haulingani na gurudumu lolote.

Yapo pia magurudumu yanayopokea vyote viwili, mnyororo mita kadhaa upande wa nanga na kamba ya nailoni sehemu iliyobaki, vikiwa vimeunganishwa kwa kusuka kamba ndani ya pete ya mwisho. Kwa boti ndogo ya mbao huo ni mpango wa busara. Uzito omoni hupungua, na mawe ya chini bado hukutana na chuma. Sharti ni kwamba maungio yatazamwe kila mara, kwa sababu ndipo kamba huliwa.

Tena tusidhani kwamba winchi bora ni ya umeme tu. Mota ya wati 1,000 katika boti yenye betri za volti 12 hula zaidi ya ampea 80, na ikilemewa huzidi hapo. Inataka nyaya nene, swichi ya kujikata yenyewe, na injini ya boti iwe inanguruma wakati wa kung'oa nanga. Fundi akiifunga kwa nyaya za taa ataunguza boti. Kwa chombo chenye betri zilizochoka, winchi ya mkono yenye mpini mrefu, gurudumu linalolingana na meno ya kuzuia mnyororo usirudi, ni bora kuliko mota iliyokufa. Ni ya polepole. Lakini baharia husimama wima, na akichoka mzigo humngoja.

Sitaha nayo isisahauliwe. Winchi iliyopigiliwa juu ya mbao tupu itang'oka pamoja na mbao zake siku ya upepo mkali. Chini ya sitaha liwekwe bamba la chuma au ubao mgumu mpana unaofika kwenye mihimili, na bolti zipite zote. Hata hivyo, winchi haikuwekwa ili kuishikilia boti ikiwa imetia nanga. Kazi hiyo ni ya komeo la mnyororo, chuma kinachofungwa kati ya winchi na omo ambacho huikamata pete na kuubeba mzigo wote. Wengine huongeza kamba fupi ya nailoni yenye kulabu, iliyofungwa kwenye nguzo imara, ili ipokee mishtuko, maana mnyororo haunyumbuki. Mwenye boti anayelipia winchi na kukataa kulipia komeo anauacha usalama wa watu juu ya breki moja. Ni vivyo hivyo wakati wa kuondoka: boti iendeshwe polepole kuifuata nanga, winchi ikusanye mnyororo uliolegea tu.

Mnyororo ukishapanda unaingia katika chumba chake. Kikiwa kifupi, unarundikana kama kichuguu na kuziba tundu, na hapo kijana mdogo kuliko wote hutumwa aingie kuusawazisha kwa mikono. Hili tunalipinga kabisa. Mtu asiingie humo winchi ikizunguka. Na katika meli kubwa zenye chumba kilichofungwa, kutu ya mnyororo hula hewa ya oksijeni. Mwanga wa mlangoni haumwambii baharia kwamba ndani hakuna pumzi. Shirika la kimataifa la usafiri wa baharini, IMO, limekitaja chumba cha mnyororo miongoni mwa mahali pa hatari katika mwongozo wake wa mwaka 2011 juu ya kuingia sehemu zilizofungwa. Ncha ya mwisho ya mnyororo, mle ndani, ifungwe kwa kamba ndefu inayofika sitahani. Siku ambayo nanga haipandi na dhoruba imefika, kisu kitaikata kamba hiyo. Kikifungiwa chuma kwa chuma hakuna wa kukifungua.

Sasa, sheria inasema nini? Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, ulioanza kutumika Agosti 2013, umewaletea mabaharia wa bahari kuu mengi mazuri. Lakini haugusi vyombo vinavyokwenda katika maji ya bara peke yake. Sisi wa ziwani tumeachwa nje ya mlango. Inatubidi tuyapate haya kwa mkataba wa hiari na mwajiri, na kwa sheria za kila nchi. Hata hivyo hatuko mikono mitupu. Juni 2022 mkutano wa ILO uliweka usalama na afya kazini miongoni mwa haki za msingi, pamoja na uhuru wa kuunda vyama. Nchi zote wanachama zinatakiwa kuziheshimu, ziwe zimetia sahihi mkataba wenyewe au la. Na Mkataba Namba 155 wa mwaka 1981 unamlinda mfanyakazi anayejiondoa katika hatari kubwa iliyo mbele yake.

Kwa hiyo mwenye boti akitangaza kwamba anabadilisha kamba kuwa mnyororo, viongozi wa tawi wasisubiri mpaka mnyororo ufike. Waulize mapema, kwa maandishi, winchi itavuta kilo ngapi na gurudumu lake ni la kipimo gani. Waombe pete chache za mfano zijaribiwe kwenye gurudumu kabla ya pesa kutolewa. Waombe siku moja ya mafunzo yenye malipo, boti ikiwa imetulia, kila baharia ajue breki iko wapi na nani anatoa amri. Mpaka winchi hiyo itakapofungwa, boti iendelee na kamba yake, na kamba hiyo ikaguliwe kila safari.

Na mwajiri akisema kwamba glavu, viatu vya kazi na mafunzo vitakatwa kwenye mishahara, asomewe Kifungu cha 21 cha mkataba huo huo Namba 155: hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Popote makato hayo yalipokwisha kufanyika, tawi lidai yarudishwe kwa tarehe na kiasi, jina kwa jina.