Kilichovunjika Shuleni Kitengenezwe, Kisitupwe

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii twaifundisha kila mwaka, na wanafunzi huiandikia insha wakapata alama nzuri. Ajabu ni kwamba katika makabati ya shule zetu nyingi za Malindi na Kilifi ufa hauzibwi. Ramani ikichanika hutupwa. Tufe la dunia likitoka kwenye mhimili wake huachiwa vumbi na buibui. Rai yangu ni kuwa desturi hii yawanyima watoto wetu somo ambalo hakuna kitabu kiwezacho kulitoa.

Nitoe mfano mmoja mdogo. Chama cha historia cha shule ninakofundisha kilipokea kwa posta vifaru vitatu vya resini, kila kimoja chaenea kiganjani, zawadi ya mwanafunzi wetu wa zamani aliyeko ng'ambo. Resini humiminwa katika kalibu ikiwa majimaji, kisha hukauka ikawa ngumu. Hunasa umbo la kila msumari, lakini ikianguka humeguka kama kigae. Vifaru hivyo vilifika mtutu mmoja umekatika, wa pili umepinda, minyororo imemeguka na rangi imebabuka. Mwenzangu mmoja alishauri vitiwe pipani. Nilikataa, na sababu zangu ni mbili.

Kwanza, vifaru hivyo vyahusu historia ya kwetu. Mwaka 1940 ndege za Italia ziliudondoshea mji wa Malindi mabomu. Mwezi wa Desemba mwaka huo vifaru vyepesi vya Afrika Kusini vilishiriki katika shambulio la El Wak, na kufikia mwisho wa Februari 1941 majeshi yaliyotoka Kenya, wakiwamo askari wa KAR, yalikuwa yamekwisha kuziteka Kismayu na Mogadishu. Ni wanafunzi wangapi wa Malindi wayajuao haya? Mtoto aliyeshika kifaru mkononi huuliza kilikwenda wapi, nani alikiendesha na nani alikufa mbele yake. Aliyesoma tarehe ubaoni huuliza tu kama zitatoka katika mtihani.

Pili, kazi yenyewe ni elimu. Tulianza kwa kupekua karatasi zote za kufungia, maana kipande kidogo kuliko punje ya mchele kikitupwa hakipatikani tena. Vipande vilioshwa kwa maji na sabuni ili mafuta yatoke, kwa kuwa gundi na rangi havishiki penye mafuta. Mtutu uliopinda ulitiwa katika maji ya moto, ukalainika, ukanyooshwa taratibu, kisha ukatiwa katika maji baridi ukakaza. Uliokatika ulitobolewa kwa keekee nyembamba pande zote mbili, ukapitishiwa kijiti cha waya kabla ya kutiwa gundi, kwani gundi pekee haistahimili mkono wa mtoto. Msasa tuliutumia ukiwa umelowa, kwa sababu vumbi la resini ni baya kwa mapafu. Ndipo tukapaka rangi ya msingi, kisha rangi yenyewe tabaka jembamba juu ya jembamba. Wakati wa masika, hewa ya pwani inapojaa unyevu, asiye na subira huharibu kazi yote kwa kidole kimoja.

Wala jambo hili si geni kwetu. Mafundi wa mashua wa mwambao huu hawaitupi mashua kwa kuwa yavuja. Huipandisha ufuoni, wakaikalafati kwa pamba na mafuta, ikarudi majini. Wajukuu wao wafunzwe na nani kwamba kilichovunjika ni cha kutupwa?

Wapo watakaosema kwamba vifaru hupandikiza mapenzi ya vita. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Mtoto aliyekesha akiunga alichokuta kimevunjika hujifunza kwamba kuvunja ni kwa dakika moja na kuunga ni kwa majuma. Tena Malindi yenyewe ni shahidi: mji uliopigwa mabomu na Waitalia ukaja kuwa maskani ya Waitalia wengi, na Ngomeni kikajengwa kituo chao cha kurushia setilaiti katika miaka ya 1960. Uhusiano pia hutengenezwa.

Wengine watasema muda hautoshi kwa sababu ya mitihani. Lakini KCPE imekwisha kuondolewa, na mtaala wa umilisi wataka mwanafunzi aonyeshe anachoweza kutenda. Kuna utendaji gani ulio bora kuliko huu?

Walimu wenzangu, kila shule na iwe na sanduku la matengenezo: gundi, msasa, waya, brashi na rangi chache. Tutenge saa moja kila mwezi. Nanyi wanafunzi, msione haya alama ya kiungo ikibaki kuonekana. Katika kifaru kimoja tuliiacha kwa makusudi, na kila mgeni wa chama chetu huuliza habari zake kabla ya kuuliza habari za vita. Kijana aliyekiunga ndiye humjibu.