Mpendwa, usitupe dawa ya usingizi kwa sababu umeombewa

Leo nataka tuongee juu ya vidonge vya usingizi, kwa sababu vimeingia kanisani na hakuna anayetaka kuvitaja. Viko ndani ya mikoba, vimefungwa kwenye leso pamoja na sadaka.

Kwanza nikutoe hofu. Si kila anayekosa usingizi ana pepo. Mfalme Ahasuero alikuwa na majumba na walinzi, lakini soma Esta sura ya 6, usiku mmoja alikosa usingizi hadi akaomba asomewe vitabu vya kumbukumbu. Wewe una karo ya watoto watatu, binti yako yuko Saudia na hajapiga simu wiki ya pili, mahindi yamenyeshewa kabla hujayaanika. Utalala vipi? Na daktari akikuandikia dawa, hujamkana Yesu. Luka alikuwa tabibu, na Paulo alitembea naye.

Sasa hizo dawa zenyewe. Ya zamani wengi mnaijua kwa jina la Valium. Siku hizi unaweza kuandikiwa za kundi lingine, zolpidemu au zopikloni, ambazo madaktari huziita dawa za Z kwa sababu ya herufi zinazoanza nayo majina yake. Watu wakisikia si Valium wanadhani ni peremende. Hapana. Ubongo una kemikali inayoitwa GABA, ambayo kazi yake ni kutuliza, kama breki ya gari. Valium huongeza nguvu ya breki hiyo, na dawa za Z zinakanyaga breki ile ile, ila zinalenga zaidi upande wa usingizi. Nusu ya zolpidemu hutoka mwilini kwa karibu saa mbili na nusu, na nusu ya zopikloni kwa karibu saa tano. Nusu, si yote! Ndiyo maana unaambiwa uimeze ukiwa unapanda kitandani, na uwe na saa saba au nane za kulala mbele yako. Ukiimeza saa nane usiku, halafu saa kumi na moja alfajiri uko juu ya bodaboda kwenye barabara kuu ya Webuye na Eldoret, ubongo wako bado umelala na malori yako macho.

Januari 2013, mamlaka ya dawa ya Marekani ilipunguza kipimo cha zolpidemu kwa wanawake kutoka miligramu 10 hadi 5, kwa sababu mwili wa mwanamke huiondoa polepole zaidi, na wengine walikuwa wanaamka wakiwa bado nayo nyingi kwenye damu. Kwa hivyo mama, ukimeza kidonge cha baba watoto kwa sababu "kilimsaidia," huenda umemeza mara mbili ya kipimo chako. Na wewe unayemgawia jirani katika ushirika wa nyumbani, huo si upendo wa ndugu. Dawa hii hutolewa kwa cheti cha daktari, kwa mtu mmoja mwenye jina. Aprili 2019 mamlaka hiyo hiyo iliweka onyo lake kali kuliko yote: kuna watu waliotembea, waliopika, hata walioendesha gari wakiwa usingizini, na wengine walikufa. Hutokea mara chache. Lakini ikikutokea hata mara moja, usiimeze tena, mwambie daktari.

Kukhu zetu ndio wananihangaisha zaidi. Eutiko alikuwa kijana na bado usingizi ulimwangusha kutoka ghorofa ya tatu (Matendo 20), ila Paulo alikuwa pale. Kukhu akiamka saa tisa usiku kwenda choo cha nje, miguu haina nguvu na kichwa kimejaa dawa, Paulo hayupo. Mfupa wa nyonga ukivunjika katika umri huo, wengi hawarudi shambani. Mzee akipewa dawa hii, kipimo huwa kidogo, na mtu alale karibu naye.

Usiichanganye na pombe. Ndiyo, najua nani anasoma hapa. Chang'aa na dawa hizi, au dawa kali ya maumivu kama tramadoli pamoja nazo, hupunguza pumzi hadi mtu asiamke. Na yule anayekoroma sana hadi pumzi inakatika, amwambie daktari kabla hajaandikiwa chochote.

Sasa nifike ninapokwenda. Dawa hizi ni za muda mfupi, wiki mbili hadi nne. Lakini kuna watu wamezimeza mwaka mzima, kisha mtumishi anawawekea mikono na kuwaambia watupe pakiti kwa imani. Mimi nasema jambo hilo ni baya. Mwili uliozoea dawa ukinyang'anywa ghafla, usingizi hupotea kuliko mwanzo, unatetemeka, unatoka jasho, moyo unaenda mbio, na aliyekuwa akimeza nyingi anaweza kupata degedege. Halafu kanisa linasema pepo amerudi na wenzake saba! Pepo gani? Ni mwili unaodai dawa. Daktari huipunguza kidogo kidogo, kwa wiki kadhaa. Yesu aliwatuma wale wakoma kumi wakajionyeshe kwa makuhani, waliokuwa na mamlaka ya kusema huyu amepona. Kama umepona kweli, daktari naye ataliona.

Tena dawa si ya kwanza katika tiba ya kukosa usingizi. Ya kwanza ni mazoea: kuamka saa ile ile kila siku, kutolala mchana, kuacha chai ya majani jioni, kutoka kitandani ukiona usingizi umekataa, na kuongea na mshauri juu ya kinachokusumbua. Aliye katika tiba hiyo, nimemruhusu asije kesha la Ijumaa. Asiulizwe na shemasi yeyote.

Jumapili ukija mbele kuombewa usingizi, njoo na pakiti yako. Nataka kusoma jina la dawa na kujua umeimeza tangu lini kabla sijaweka mkono. Kama ni miezi mingi, tutapanga siku ya kwenda kliniki, na kama hutaki kwenda peke yako, mmoja wa akina mama wa kanisa atakusindikiza.